Sura ya Saba: Uso Chini ya Kanga

Ndevu zangu zilianza kuota wiki ya sita baada ya kurudi kutoka India, na zilianzia upande wa kushoto. Upande wa kulia ulichelewa kama siku tano, na katika siku hizo tano nilikuwa bado najidanganya kwamba ni kivuli tu, au masizi ya jikoni, au kile kioo cha Mama kilicholiwa na kutu pembeni. Kisha upande wa kulia nao ukafika, nikaacha kukisingizia kioo.

Daktari wa kule alikuwa amenionya, tena kwa upole. Alisema dawa ya kulilinda figo jipya inaweza kuniotesha nywele mahali ambapo wanawake hawana, inaweza kunivimbisha fizi, na vidonge vingine vingenijaza mashavu. Nilimjibu kwamba nimekuja kutafuta uhai, urembo nimeuacha nyumbani. Akacheka, nesi akacheka, nami nikacheka. Nilikuwa kitandani na mirija mwilini, na mtu wa namna hiyo haoni tabu kukubali lolote.

Basi nikarudi Makwale na figo la kaka yangu Tomasi ndani ya tumbo langu. Kanisa zima lilikuja kuniimbia uwanjani kwetu. Na wiki sita baadaye nikawa naamka kabla ya jogoo, najifungia bafuni na wembe na kipande cha sabuni, nanyoa kidevu kama baba wa watu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nikinyoa alfajiri, saa nane mchana zilikuwa zimeanza kukwaruza, na ikifika saa kumi hata kipofu angezijua kwa kunipapasa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya mafuta, ya kupima kwa bomba dogo na kuchanganya na maziwa kwenye bilauri, asubuhi na jioni. Haikutaka joto, na joto la Kyela halina adabu. Mama yangu ni Mkisi wa ufukweni, mtoto wa wafinyanzi, akanifinyangia chungu kidogo chenye kifuniko na kukifukia nusu kwenye mchanga aliokuwa akiumwagia maji kutwa. Chupa ilikaa humo. Ilinuka kama beberu, na harufu ile ikanihamia hadi kwenye jasho. Siku moja nikamwambia Tomasi kwamba ndevu ninazo, harufu ninayo, zimebaki pembe tu. Alicheka mpaka akashika ubavu wake wenye kovu.

Waliojua ni Mama na Tomasi peke yao. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo siri ilikuwa ya watu watatu. Kwaya niliiacha, maana fizi zilikuwa zimepanda juu ya meno na sikutaka kufungua mdomo mbele ya mtu. Wenzangu wa sauti ya kwanza walikuja kunitazama mara mbili, nikazungumza nao nikiwa nyuma ya pazia. Mara ya tatu hawakuja. Nilisikia wakisema kwamba Keziya anaringa tangu apande ndege, nikaona heri waseme hivyo.

Nilikuwa mpweke, nalisema wazi. Mama akienda sokoni Ipinda na vyungu vya dada zake, Tomasi akiwa kwenye mpunga, nilikaa na redio mpaka betri zikaisha nguvu, na baada ya hapo nilikaa na kuku. Ilifika mahali nikawa nawasalimia kila mmoja peke yake. Jogoo ndiye aliyekuwa hanijibu.

Na alikuwepo Hezroni.

Hezroni alikuwa na duka la vitenge Mbugani, mjini Kyela. Biashara zilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa vijana wa kwanza kuvuka daraja la mpakani Kasumulu kwenda kwa wajomba zake Karonga na kurudi na mizigo. Kabla sijaugua tulikuwa tumepatana sisi wawili, wazee hawajaketi. Nilipoishiwa nguvu za kutembea, ni yeye aliyenibeba kwenye baiskeli kutoka Makwale mpaka Ipinda kupanda gari, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umenishika nisianguke. Aliniambia niende, nirudi, nitamkuta. Nikaenda, nikarudi, na kweli nikamkuta. Aliyekosekana ni mimi.

Alipokuja mara ya kwanza Mama alisema nimelala. Mara ya pili nilikuwa naoga. Mara ya tatu alikaa sebuleni saa mbili nzima, nami nipo chumbani nimejizungushia kanga mpaka puani, nasikia anavyopuliza chai. Nilikijua kila kipulizo. Moyo ulinivuta kwenda mlangoni, mkono ukaenda kidevuni, nikarudi kukaa. Baadaye nikamwandikia barua ya mistari mitatu: asinisubiri, asiulize sababu, Mungu ambariki. Hakujibu. Nilikuwa nimemtaka asijibu, na alipokosa kujibu nikamchukia wiki mbili.

Sasa lipo jambo moja ambalo lazima nilieleze vizuri, maana ndilo lililoleta yote.

Daktari aliniagiza nitembee kila siku. Asubuhi Mama hakunikubalia kwa sababu ya umande, kwa hiyo nilitoka saa kumi jioni, saa ambayo uso wangu ulikuwa haufai. Njia yetu inapita kati ya mikokoa, ile miti ya kakao, upande mmoja na majaruba ya mpunga upande mwingine. Njia hiyohiyo aliitumia Mzee Anyelwisye, baba yake Hezroni, akitoka shambani kwake. Katika watu wote wa Makwale, macho yake ndiyo niliyoyaogopa kuliko yote, kwa sababu angeona leo na Mbugani wangejua kesho.

Basi kila nilipomwona kwa mbali, mrefu, na fimbo yake, na goti lake bovu, nilitoka njiani. Niliingia kwenye mikokoa, nikampa mgongo, nikapiga goti na kujifunika kanga kichwa kizima mpaka apite. Sikumwamkia. Najua binti kumpita mzee bila kumwamkia ni kukosa malezi, lakini kumwamkia kulitaka uso.

Yeye hakunikemea. Alichofanya kiliniuma zaidi ya kukemewa. Kuanzia kama wiki ya pili, alikuwa akifika kwenye kona anakohoa, kikohozi cha makusudi kabisa, halafu anaiacha njia na kushuka majarubani. Anapita juu ya matuta yenye tope na fimbo yake, polepole, anakuja kutokea mbele huko, mbali na mimi. Mzee mwenye goti bovu anaona heri apite topeni kuliko kupita karibu yangu. Nilielewa jambo moja tu, kwamba amenusa ile dawa, au anachukia mtu anayetembea na kiungo cha mwenzake tumboni. Nilikisikia kikohozi kile kila jioni kwa miezi saba, na kila jioni nilirudi nyumbani nimepungua.

Jumapili moja baada ya ibada akaja Shangazi Hosiana, dada yake Mzee Anyelwisye. Huyu ni mama mwenye mdomo, asiyejua kuzunguka. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai, nami nikajibana nyuma ya pazia langu kama kawaida. Waliulizana hali, wakaulizana mvua, wakaulizana mpunga. Kisha Hosiana akakiweka kikombe chini.

"Kaka yangu ana aibu," akasema. "Binti yenu anamkimbia mkwewe mwezi wa saba huu, tena kwa kupiga goti, kama wake wa zamani. Na sisi hatujaleta hata kuku. Ng'ombe hajatoka zizini, heshima imeshatoka. Mimi sikutaka, nakwambia kweli. Nilisema huyu mtoto ni mgonjwa, tutamzika. Lakini kaka anasema wasichana wa siku hizi wanawapa wakwe zao mkono kama makarani, na huyu, ambaye mama yake ni Mkisi, si wa mila yetu, amelelewa vipi hivi?"

Nyuma ya pazia, mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Kila mtu Kyela anajua kwamba mke wa mwana hatazamani na baba mkwe wake. Hamwangalii, halitaji jina lake, akimwona njiani anajitenga na kujifunika, na mwenye heshima kamili anapiga goti. Nilijua hivyo, ila nilijua kama jambo la wake za watu, la harusi na ng'ombe na wazee waliokwisha kuketi. Mimi sikuwa mke wa mtu. Nilikuwa mtu mwenye ndevu anayejificha. Haikunijia hata siku moja kwamba ukiwa umesimama barabarani, hayo mawili yanaonekana sawa.

Na kikohozi kile. Baba mkwe naye ana sehemu yake. Hukohoa ili mkwe ajue anakuja, apate nafasi ya kujisitiri, kisha humwachia njia. Kila jioni nilipokuwa nikijiona uvundo, kumbe kulikuwa na mtu ananitendea kama mke wa mwanawe. Niliuma kanga nisisikike.

Shangazi Hosiana alisema washenga watakuja baada ya wiki tatu. Mama akashukuru, "Ndaga, ndaga fijo," mara tatu nne, akamsindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Aliporudi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akanishika mabega na kuniambia Mungu ameyafumba macho ya watu kwa ajili yangu. Nisiseme kitu. Nivae kanga yangu, nipige goti langu, siku ifike. Baada ya ndoa mume atazoea, maana atakuwa hana pa kwenda. Nikamuuliza, na Hezroni akiuona uso huu siku ya harusi? Akasema siku ya harusi bibi harusi hufunikwa, na wiki tatu ni nyingi.

Wiki tatu ni nyingi. Neno hilo ndilo lililoniingia kichwani. Nikapiga hesabu zangu za kijinga. Kama mafuta ndiyo yanayootesha ndevu, nusu ya mafuta itaotesha nusu ya ndevu, na baada ya harusi nitarudia kipimo changu. Asubuhi ya Jumatatu nikapima nusu. Jioni nusu. Siku nne. Siku ya nne nilijipapasa nikasema zimepungua, na ulikuwa uongo mtupu.

Tomasi ndiye aliyekuwa akiangalia mchanga wa chungu kama umekauka. Alhamisi jioni alifunua kifuniko, akaitoa chupa, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akaja kukaa kwenye kizingiti cha chumba changu, chupa mkononi. Hakupandisha sauti.

"Kama hulitaki," akasema, "ungeniambia nikiwa bado nalo."

Akaweka chupa sakafuni, akatoka. Nilimsikia akichota maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, na mitungi yote ilikuwa imejaa.

Jioni ile nilikunywa kipimo kizima. Nilikuwa nimefika mwisho wa ujanja. Figo likibaki, ndevu zinabaki, na kama ndevu zinabaki, basi kuna mtu mmoja aliyestahili kuziona kabla ng'ombe wa baba yake hawajatoka zizini. Nikamfuata Tomasi kisimani. Nilimwomba radhi kwanza. Halafu nikamwomba kesho yake aende Mbugani, amwambie Hezroni aje Jumamosi, lakini aje saa kumi jioni, asije asubuhi.

Jumamosi sikunyoa kabisa.

Alikuja kwa baiskeli, shati limepigwa pasi, na furaha yake ilifika kabla yake, maana nilimsikia anapiga kengele tangu kwenye mikokoa. Akamwamkia Mama. Mama alimwitikia, akanitupia jicho, akachukua kapu lake na kwenda kwa jirani. Alikuwa amenikasirikia tangu alipojua nilichokusudia. Hezroni akakaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akikalia. Safari hii pazia nililifungua. Nikakaa kwenye mkeka, karibu na mlango, nimejifunika, macho yangu tu ndiyo yanaonekana.

Miezi saba nilikuwa sijayaona macho yake. Yalikuwa na uchovu wa barabara na furaha juu yake, nikatamani kuahirisha. Ningeweza. Hapo hapo, kwa kunyamaza tu, ningepata mume.

"Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo," akasema. "Nikasema basi, umepata mtu huko India, au umechoka na mimi. Halafu baba ananiambia mke wangu ana adabu. Nikamwambia sina mke, akanicheka. Keziya, mimi umenifukuza, na baba yangu umempigia magoti. Nishike lipi?"

"Usishike hata moja. Sikumpigia magoti baba yako."

"Amekuona kwa macho yake."

"Ameona mtu anajificha."

Hakuelewa. Nikapiga moyo konde. Nikaifungua kanga kuanzia kichwani, nikaishusha mpaka mabegani, nikageukia mlango ambako jua lilikuwa linaingia. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikamaliza kabisa. Nikafungua mdomo aone na fizi, nikakunja mikono ya blauzi aone na mikono. Nilimweleza kila kitu kwa mfululizo: wembe wa alfajiri, harufu, kwaya, zile jioni za barabarani, na siku nne za kupunja dawa. Sikumficha hata hilo.

Aliniangalia. Macho yake yalianza kidevuni, yakaenda mikononi, yakarudi kidevuni. Kisha akainamisha kichwa akatazama viatu vyake. Nilikuwa nimewaza namna nyingi atakavyofanya. Nilishawaza atacheka, atakimbia, atanikumbatia, lakini viatu sikuviwaza, nikabaki sijui nishike wapi.

"Ni dawa?" akauliza.

"Ni dawa."

"Itaisha lini?"

"Figo likifa."

Kuku mmoja aliingia, akatembea kati yetu, akatoka.

"Kwa hiyo haikuwa heshima," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomuumiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya ndevu.

"Haikuwa," nikasema.

"Baba ameanguka mara mbili kwenye jaruba. Mara ya pili goti lilivimba wiki nzima. Nilimgombeza. Nikamwambia apite barabarani kama watu, kwani barabara ya nani? Akasema saa kumi ni ya mkwe wake."

Nilianza kulia, na sikujifunika. Nilimwambia nilidhani baba yake ananikwepa kwa kinyaa. Nilimwambia kila jioni nilirudi nikijinusa. Hakusogea kunibembeleza. Nafikiri alitaka, nafikiri mikono ilikataa, na mimi niliyaona yote mawili usoni mwake.

Akasimama. "Nikamwambie nini?"

"Ulichokiona. Usipunguze."

"Ataaibika mbele ya shangazi. Ameshatangaza."

"Mwambie, Hezroni. Nikiingia kwenu kwa uongo huu, nitalazimika kuuficha kila siku, na njia ya kuuficha ni kuacha dawa. Nimeshaijaribu."

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akachukua baiskeli yake, akaisukuma mpaka njiani kabla ya kuipanda, na hakupiga kengele. Nilimtazama mpaka mikokoa ikamfunika.

Zilifuata siku ambazo sipendi kuzikumbuka. Mama hakusema nami zaidi ya salamu na chakula. Aliponda udongo wake nyuma ya nyumba kwa hasira ambayo udongo haukuistahili. Nilikunywa dawa asubuhi na jioni, kipimo kizima, Tomasi akiwa amesimama mlangoni anajifanya anatazama hali ya hewa. Jumapili sikutoka. Jumatatu saa kumi nikatoka kutembea, uso wazi, kwa sababu hakukuwa tena na cha kulinda.

Nilitembea mpaka kwenye kona nikasimama. Jua lilikuwa kwenye maji ya majaruba. Nikasubiri. Nilikuwa nimejiambia kwamba akija moja kwa moja barabarani, akinipita na kunisalimia kama binti yeyote, nitajua kwamba nimeachwa, maana mzee hana sababu ya kumwachia njia mtu asiye mkwe wake. Na akikohoa nitajua jingine. Nilikuwa tayari kwa yote mawili. Lakini hakuja kabisa. Nilikaa mpaka mbu wakaanza, na barabara ile ilikuwa tupu mwanzo mpaka mwisho. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kulilia kikohozi cha mzee. Mimi nilikililia, nikarudi nyumbani gizagiza likiingia, nikakunywa dawa yangu.

Jumanne asubuhi nilikuwa uani napepeta mchele. Siku ya nne nilikuwa sijagusa wembe. Kwa nini, sijui, nadhani nilichoka kuamka mapema kwa ajili ya kuku. Baiskeli ikaingia uani bila kengele. Mkono wangu ulienda kwenye kanga, na kanga ilikuwa kiunoni, nikauacha mkono hapo hapo.

Hezroni alinisalimia Kikwetu, kwa sauti ya mtu asiyelala, nikamwitikia. Aliegemeza baiskeli kwenye mgomba. Hakukaa.

"Nimemwambia baba," akasema. "Jioni ileile. Shangazi Hosiana alikuwepo. Akasema tumshukuru Mungu, yameisha kabla ng'ombe hajatoka."

"Na Mzee?"

"Hakuniambia neno. Jumapili kutwa. Jana hakutoka nje. Leo alfajiri ameniita." Nikaona anajaribu kuyaleta maneno ya baba yake kama yalivyo. "Akasema, 'Nimempa njia miezi saba. Siwezi kumwendea leo nikamwambia nilikuwa natania. Kama alijificha kwa ndevu au kwa nini, hilo ni lake na daktari wake. Mimi ni baba mkwe, uso wake si wangu kuuona, mwaka huu wala mwaka mwingine. Aliyepewa kuuona ni wewe. Kwa hiyo usiniulize mimi. Yaulize macho yako, halafu uniambie nipite wapi, maana sasa sijui ile barabara niipite vipi.'"

Ungo ulikuwa mzito mikononi mwangu, na ndani yake kulikuwa na mchele wa chakula cha mchana tu. Nikauweka chini.

"Na macho yako yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yalishtuka," akasema. "Sitakudanganya, Keziya. Niliangalia viatu. Nimevichukia vile viatu siku tatu." Kweli, alikuwa amevaa kandambili. "Nilikuwa nalala naona kidevu chako, naamka namwona yule niliyembeba kwenye baiskeli, na siwezi kuwaweka pamoja. Nikajiambia nikisubiri mpaka niweze, nitakaa Mbugani mpaka nizeeke. Nimekuja niyazoeshe hapa hapa."

"Na yakikataa?"

"Nitakwambia mimi mwenyewe. Sitatuma barua."

Hilo la barua lilinichoma, na nilistahili.

"Lakini usijifunike," akasema. "Nikiwa nakuzoea, usijifunike."

Akavuta kinu kilichokuwa kimelala uani, akakikalia, mbele yangu kabisa, magoti yake karibu na ungo wangu. Jua la saa tatu lilikuwa limenipiga usoni na hakukuwa na kivuli hata cha kuazima. Akaanza kunitazama. Hakutabasamu, na nilimshukuru kwa hilo. Alinitazama mashavu, kidevu, mdomo, akarudi kwenye macho, akakaa hapo. Sikuwa nimetazamwa hivyo na mtu tangu India. Nilihisi kila unywele. Nilijitahidi kwa muda, kisha nikashindwa nikainamia mchele.

"Tena," akasema.

Nikainua uso.